Zamu ya Ziwani

Hanoi, 12 Mei 1996

Kwako mwanangu Khoat,

Natumai wewe, mkeo na mjukuu wangu Ngan hamjambo huko Saigon. Mimi mzima. Magoti yananung'unika, lakini yananifikisha ninakotaka. Joto limeanza, nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri, na sisi watu wa ngazi za mawe tumesharudi ziwani: mimi, Mzee Lap aliyekuwa dereva wa tramu, na akina mama wa kiwandani kwetu, wale wale unaowajua, ila sasa wote tumekuwa vibibi.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Usinipigie simu pale kwa jirani muuza chai, maana akinishikisha simu hasogei, anasimama kando kufuta vikombe ambavyo vimeshakauka. Niandikie.

Bustani imepata msimamizi mpya, Bwana Tao. Ana miaka arobaini hivi, shati limenyooka, viatu vinameremeta, na hajawahi kulowesha hata kisigino katika ziwa analolisimamia. Ametoa kanuni. Kuanzia mwezi wa sita, mtu aliyezidi miaka sitini, na mtu yeyote asiyejua kuogelea, haingii majini bila karatasi ya dhamana iliyotiwa sahihi na mkuu wa kaya yake. Yaani wazee na wasiojua kuogelea tumetiwa kapu moja. Nikamuuliza, "Bwana mdogo, mimi nimewafundisha kuogelea watoto wa mitaa mitatu katika maji haya haya. Nani wa kunidhamini?" Akanijibu bila kunitazama, "Mkuu wa kaya yako, bibi. Kanuni ni kanuni."

Mzee Lap alicheka mpaka akakohoa. Yeye ndiye mkuu wa kaya kwake, kwa hiyo alijitilia sahihi mwenyewe, pale pale, mgongo wangu ukiwa meza.

Sisi wajane ndio tumekwama. Unakumbuka tulipomaliza siku mia za msiba wa baba yako, nilikuchukua hadi ofisi ya kata nikakuandikisha wewe juu kabisa katika kitabu cha kaya. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka majirani waone kwamba nyumba ina mwanamume, na kwamba hata ukifanya kazi mbali, kwako ni hapa. Kitabu kiko kabatini kwangu chini ya mablanketi, lakini jina la kwanza ni lako, na mimi niko mstari wa pili: mama wa mkuu wa kaya. Siku ile nilitembea kifua mbele mtaa mzima. Leo najicheka.

Karatasi hii hapa ndani. Tia sahihi, irudishe upesi. Sipendi kukosa hata asubuhi moja.

Mama yako,
Nhan


Saigon, 27 Mei 1996

Mama, shikamoo.

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Kazi ni nyingi, maana joto likizidi kila jokofu la mji huu linaharibika siku moja, na fundi ni mimi.

Mama, kuhusu ile karatasi, naomba unisikilize bila kukasirika. Una miaka sitini na miwili. Daktari alishakwambia kuhusu presha. Maji ya lile ziwa ni ya kijani, mvua ikinyesha yanapokea uchafu wa mitaro yote ya jirani. Nimesikia kuna bwawa la kisasa karibu na uwanja wa michezo, maji yake yanatiwa dawa, kuna mwangalizi, kuna mahali pa kushika. Nenda huko. Au tembea tu kuzunguka ziwa pamoja na wenzako, hewa ni ile ile. Umeogelea vya kutosha, Mama. Pumzika.

Nadhani huyo Bwana Tao si mtu mbaya. Anafanya kazi yake.

Mwanao,
Khoat

Bibi, mimi ni Ngan. Naandika mwenyewe. Baba hanipeleki kuogelea hata na shule. Anasema ziwa la kwenu lina mdomo. Ni kweli? Liko wapi jino lake?


Hanoi, 9 Juni 1996

Khoat,

Niliifungua bahasha yako mbele ya wenzangu, nikijua karatasi imo. Niliikung'uta mara mbili. Kilichoanguka ni picha ya kiboko iliyochorwa na Ngan. Wenzangu wakajifanya hawajaona.

Hewa ni ile ile, unasema. Ningetaka hewa ningekaa dirishani.

Sasa nikupe habari, uzipate kwangu kabla hujazisikia kwa watu. Jumatatu nilikwenda ziwani kama kawaida, na nguo yangu ya kuogelea ndani ya gauni. Kwenye ngazi walimweka mlinzi mwenye filimbi. Unajua ni nani? Ni Kien, mtoto wa mshona viatu. Mimi nilimshika kidevu yule akiwa na miaka saba, nikamwambia "piga miguu, piga miguu," huku akinililia shingoni. Sasa ananizibia njia. Akasema, "Shangazi, naomba karatasi. Usinitie matatani." Nikamwambia, "Kien, wewe piga filimbi yako, ndiyo kazi yako. Mimi naingia majini, ndiyo yangu." Nikavua gauni, nikalikunja vizuri, nikashuka. Akapiga filimbi muda wote niliokuwa majini. Nilikwenda hadi upande wa pili na kurudi, sikuharakisha.

Nilipotoka, Bwana Tao alikuwa amefika. Amechukua gauni langu na kandambili zangu, ati vimeshikiliwa stoo mpaka nilete karatasi. Alidhani nitaona haya. Mwanangu, nilitoka getini nikiwa na nguo ya kuogelea, miguu mitupu, maji yananitiririka, nikapita sokoni kati ya wauza mboga na wauza konokono. Mama mmoja akaniuliza, "Dada Nhan, umeibiwa?" Nikasema ndiyo, na msimamizi wa bustani. Kesho yake nilikwenda tena. Safari hii tulikuwa sita, na wote tulirudi kupitia sokoni tukiwa hivyo hivyo. Muuza tofu aliacha kupima tofu.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia ili nipate ruhusa ya kuingia majini. Naingia. Ninachotaka ni mwanangu aseme ukweli. Presha si neno lako, hilo ni neno la daktari. Maji machafu si neno lako, uliyaona tangu mdogo hukuwahi kuyalalamikia. Na mtoto wa miaka sita haambiwi kwamba ziwa lina mdomo bure bure. Unaogopa nini? Niandikie hilo. Ukiniandikia tena habari za bwawa lenye mahali pa kushika, sitafungua barua.

Mama yako,
Nhan


Saigon, 20 Juni 1996

Mama,

Nimeanza barua hii mara nne. Mke wangu Hanh ameniambia nikishindwa ataiandika yeye, na yeye hajui hata nusu ya habari.

Umeuliza naogopa nini. Namwogopa Sen.

Tangu mwaka 1971 hakuna mtu katika nyumba yetu aliyelitaja jina la dada yangu isipokuwa siku ya kumbukumbu yake, na hata siku hiyo tulikuwa tukiwasha vijiti vya ubani, tukila kimya, basi. Nalitaja leo. Nilikuwa na miaka tisa, yeye sita. Uliniambia, "Mshike mkono mpaka nitoke kazini." Nilimshika. Halafu nikataka kurusha tiara, na tiara haitaki mkono mmoja. Niliuachia mkono wake, Mama. Watu wote niliwaambia kwamba alichomoka akakimbia. Hakuchomoka. Alikuwa amesimama vizuri kabisa kwenye ngazi za mawe akinisubiri, nikamwachia, nikarudi nyuma nikitazama juu. Nilipotazama chini hakuwepo.

Siku zile za msiba Bibi mzaa baba alinikalisha jikoni akaniambia kwamba aliyezama hapumziki. Hukaa chini ya maji akimngoja mtu wa kumpokea nafasi, na huanza na wa kwao. Mwaka uliofuata ukaanza wewe kwenda ziwani. Kila asubuhi ya kiangazi nilisikia mlango ukifunguliwa, nikakaa kitandani nikihesabu mpaka nisikie mlango tena. Siku ukichelewa nilitapika. Hukuniambia kwa nini unakwenda. Mimi nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Nilidhani unakwenda ili nikuone unakwenda. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba nilistahili.

Ndiyo maana nimekuja kufanya kazi huku. Mshahara wa huku na wa huko ni mamoja, nilikudanganya. Sijaingia katika maji yanayopita magoti tangu siku ile. Na sasa Ngan ana miaka sita.

Wewe unaniomba nitie sahihi kwamba mimi, mkuu wa kaya, nakupeleka kwake. Siwezi. Nitukane, nifungie mlango nikija mwaka mpya. Sahihi yangu hutaipata.

Khoat


Hanoi, 1 Julai 1996

Mwanangu, mwanangu wa kwanza na wa pekee uliyebaki,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa sakafuni kuimaliza. Nimelia. Mzee Lap alipita kunichukua twende ziwani, nikamwambia leo atangulie.

Nilijua, Khoat.

Jioni ya siku ile nilikuogesha mimi. Uzi wa tiara ulikuwa umezungushwa kwenye mikono yako yote miwili, umekaza mpaka ngozi imevimba. Niliukata kwa meno. Mtoto mwenye uzi mikono yote miwili hana wa kumshikia mwenzake, hilo halihitaji kuambiwa. Nilijua tangu saa ile, na nikaamua nisikuulize kamwe. Niliona nikinyamaza utasahau. Niliona huo ndio upole. Tulikuwa hivyo sisi, kitu kinachouma tunakifunika kitambaa safi na kukiweka juu ya kabati. Nilikosea. Nimekuacha na mzigo huo miaka ishirini na mitano, huku nikijisifu kwamba nimekuhurumia. Nisamehe. Na mimi nilikusamehe tangu nilipoutema ule uzi, ila sikukwambia, na msamaha usiosemwa haumfikii mtu.

Tena nani alimwachia mtoto wa miaka tisa kazi ya mtu mzima? Mimi. Kiwandani tulikuwa tunafuma turubai za jeshi, zamu zinaunganishwa, sikuthubutu kuomba ruhusa. Kwa hiyo ukigawa lawama, usile peke yako.

Sasa sikiliza kwa nini nakwenda ziwani. Bibi yako aliniambia mimi yale maneno kabla hajakwambia wewe. Alisema Sen atavuta mtu. Nilimheshimu sana mama mkwe wangu, lakini siku ile nilimjibu, na watu walishangaa. Nilimwambia, "Mwanangu si mwizi wa watoto. Kama ni upweke, atamwona mama yake." Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikujua kuogelea hata hatua moja. Kiangazi kilichofuata nikamfuata Lap, wakati huo hata hatufahamiani, nikamwambia nifundishe. Alinifunga mpira wa ndani wa baiskeli kiunoni, akanisukuma. Nilikunywa maji ya ziwa lile kuliko samaki wake.

Tangu hapo kila asubuhi ya kiangazi nafika mbele ya ngazi za mawe, mahali maji yanapokuwa baridi ghafla. Nazamisha kichwa, nasema, "Sen, mama amefika. Usimguse mtoto wa mtu." Halafu naogelea. Nikitoka, mtoto yeyote ninayemkuta pembeni namfundisha, atake asitake, ndiyo maana nusu ya mtaa huu wananiogopa. Tangu mwaka 1972 ziwa lile halijachukua mtoto. Waulize. Wengine watasema ni kwa sababu ya mafunzo, wengine watasema ni Sen. Mimi siwasahihishi.

Sikwenda kukuadhibu hata asubuhi moja. Ilikuwa zamu yangu. Kiwandani nilifanya zamu miaka thelathini kwa ajili ya watu nisiowajua. Hii ni ya mwanangu, na haina kustaafu.

Basi karatasi usitie sahihi. Sikuombi tena, na sikasiriki. Bwana Tao anazo pea tano za kandambili zangu sasa, na magauni matatu. Jana aliniambia ataniitia mjumbe wa nyumba kumi, kisha kata, kisha polisi. Nikamwambia waje wote, ila waje na taulo. Nitaingia majini kesho. Nikikosa gauni, nitatoka nyumbani nikiwa na nguo ya kuogelea tayari, nimpunguzie kazi ya kushika.

Mwambie Ngan ziwa halina mdomo. Mwambie lina shangazi yake.

Mama yako,
Nhan


Saigon, 13 Julai 1996

Mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimejificha nyuma ya jokofu la duka la nyama. Mwenye duka alidhani gesi imenipanda machoni. Kisha nikaenda nyumbani nikamsomea Hanh yote, na Ngan akasikia mlangoni, na sasa anauliza kama shangazi yake anapenda pipi.

Sikutia sahihi karatasi ya Bwana Tao. Nilisema sitatia, na sijatia.

Badala yake nilikwenda ofisi ya kata ya huku nikaandikisha tamko, wamelipiga mhuri, hili hapa ndani. Lipeleke kata kwenu pamoja na kitabu. Karani alinisomea mara mbili akidhani nimekosea. "Kijana, unataka kushusha jina lako chini ya la mama yako? Yuko hai, ana akili zake, lakini ni mama." Nikamwambia, "Mzee, wewe humjui. Andika." Akaandika. Kuanzia sasa jina la kwanza katika kitabu ni lako, na mimi niko mstari wa pili: mwana wa mkuu wa kaya. Sahihi unayoitafuta iko mkononi mwako mwenyewe, Mama. Ilipaswa kuwa huko tangu mwanzo.

Bado naogopa. Nilidhani nikikusimulia hofu itaondoka, haijaondoka. Ila sasa inaniogopesha nikiwa nimesimama.

Nina likizo ya siku kumi mwezi wa nane. Tunakuja wote watatu kwa treni. Nataka kukuuliza kitu, usicheke, na usimsomee Mzee Lap. Ule mpira wa baiskeli bado upo?

Mwanao,
Khoat


Hanoi, 5 Agosti 1996

Kwa Bwana Tao, Msimamizi wa Bustani

Bwana mdogo,

Kanuni ni kanuni, ulisema. Nimekuja na kanuni yako. Karatasi mbili zimeambatanishwa, zimejazwa kwa wino, na kitabu cha kaya nitakuonyesha mwenyewe ukikitaka, ukurasa wa kwanza, mhuri bado mpya. Wenzangu nao wamekwenda kuwaandikia wana wao. Jitayarishe, ofisi ya kata ina foleni ya wajane.

Naomba nirudishiwe kandambili pea saba na magauni matatu. Lile la maua ya bluu lina kifungo kilicholegea, sikulaumu kwa hilo.

Kien umwache kazini. Alipiga filimbi kila siku bila kukosa, ila alikuwa akigeuka nyuma ninapovaa, na hayo ni malezi mazuri.

KARATASI YA KWANZA
Jina la anayeingia majini: Nhan
Umri: miaka 62
Anajua kuogelea? Ndiyo. Uliza mtaa.
Uhusiano na mkuu wa kaya: Ni yeye mwenyewe
Atakayekuwa naye majini: Mzee Lap, akiamka mapema
Mimi mkuu wa kaya naruhusu na nadhamini.
Sahihi: Nhan

KARATASI YA PILI
Jina la anayeingia majini: Khoat
Umri: miaka 34
Anajua kuogelea? Hapana. Ataanza kesho.
Uhusiano na mkuu wa kaya: Mwana
Atakayekuwa naye majini: Mama yake, na dada yake Sen
Mimi mkuu wa kaya naruhusu na nadhamini.
Sahihi: Nhan